Finjani ya Nahodha wa Yiti

Sehemu ya Tisa

Finjani iko pale pale tulipoiacha, msomaji: juu ya zulia la Mzee Hamoud, imejaa kahawa hadi ukingoni, na mvuke wake bado unapanda. Ghanim ameiweka chini, amekunja mikono kifuani, na neno lake moja limeifunga midomo ya majlisi nzima.

"Sinywi."

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, jua haya tu. Ghanim ni nahodha wa Mawj, timu ya Yiti, mabingwa. Msimu uliopita, kwenye fainali, ndiye aliyelivunja goti la Loai, mshambuliaji wa Shihab ya Hamriya. Leo timu hizo zinakutana tena, na ndiyo kwanza mechi ya pili ya msimu. Wenyeji huwakaribisha wageni kwa kahawa kabla ya mpira, ndiyo desturi. Na nyumba aliyoingia Ghanim kukaribishwa ndimo anamokaa mama yake Loai.

Mama huyo, Mahbuba, alikuwa amesimama mlango wa ndani na sinia ya halwa mikononi. Kama ingekuwa ni shauri lake, Ghanim angeinywa kahawa ile, asingeinywa, angeinawia miguu, lake moja. Alilolitaka kwa kijana yule lilikwishapangwa. Kabla jua la leo halijazama, goti lake liwe kama la Loai.

Lakini finjani ilikuwa chini, na finjani ikiwekwa chini imejaa, mgeni ana haja. Haja yenyewe haitajwi kwanza. Mwenye nyumba hutangulia kuikubali, mgeni akanywa, ndipo akaisema. Ndivyo walivyowakuta wazee wao, na hakuna mtu wa heshima Muscat nzima anayetaka isemwe kwamba mgeni alitoka kwake na kahawa imepoa juu ya zulia.

Mzee Hamoud, kaka yake Mahbuba na mkubwa wa mashabiki wa Shihab, alimtupia dada yake jicho. Mahbuba akatikisa kichwa: usikubali. Mzee akakohoa, akazipapasa ndevu zake, akamgeukia Ghanim.

"Kunywa kahawa yako, mwanangu. Haja yako imepita."

"Kaka!" Mahbuba alimaka.

Ameshachelewa. Ghanim aliinyanyua finjani akaimaliza kwa funda moja.

"Haja yangu ni goti la Loai," alisema. "Nnaomba msamaha wake. Leo, hapa hapa, mbele ya watu hawa, kabla mpira haujaanza."

Majlisi ililipuka. Wa kwanza kuinuka alikuwa Bader, muuza simu wa pale Hamriya, shabiki ambaye timu ikifungwa hafungui duka.

"Wallahi huyu ana uso mkavu! Ulemaze mtoto wa watu, kisha uje uombe msamaha mechi ikiwa mlangoni? Si ungekuja mwezi wa Ramadhani?"

"Niliogopa," alisema Ghanim.

"Uliogopa nini? Ajali ni ajali!"

"Haikuwa ajali."

Bader alipiga hatua moja mbele.

"Refa alisema niliteleza," Ghanim aliendelea. "Mukanikubalia, midomoni tu. Mimi sikuteleza. Nilijua ni goti lipi, nikalifuata. Sitaki msamaha wa jambo ambalo hamulijui."

Bader alimrukia. Watu wawili wakamdaka kanzu, kofia yake ikaangukia ndani ya sahani ya tende. Mzee Hamoud alipiga fimbo sakafuni.

"Kaa chini! Mgeni ameshakunywa! Mnataka nyumba hii isemwe mpaka Sur?"

Mahbuba hakupiga kelele. Tangu fainali watu walikuwa wakimwambia ni bahati mbaya, Mahbuba, ni mpira huo, Mahbuba, muachie Mungu. Na yeye muda wote huo alikuwa akisema alimwona yule kijana alivyomwangalia mwanawe kabla ya kuruka. Wakamwona amechanganyikiwa. Sasa keshayasikia kwa mwenyewe, na badala ya kulia alihisi kitu kitamu kikimpanda kooni. Alikuwa na haki! Kila alichokipanga alikuwa na haki nacho.

Ghanim alimwendea mpaka pale mlangoni, akamnyooshea finjani tupu kwa mkono wa kulia.

"Mama, nimiminie wewe mwenyewe. Ukinimiminia nitajua."

Watu wote walimtazama yeye. Loai peke yake, aliyekaa pembeni na mkongojo wake mapajani, aliangalia chini. Ajabu ya mambo, hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenye goti.

Mahbuba aliweka sinia, akachukua dele la kahawa. Lilikuwa la moto. Angeweza kulimimina lote kwenye kifua cha kijana yule, na Bader angempigia makofi. Badala yake alimimina taratibu, kiasi kile kile cha adabu, tone halikumwagika.

"Kunywa, baba. Tumekusamehe."

Na moyoni akamalizia: kunywa, miguu yako ndiyo itakayonilipa.

Ghanim alikunywa, akaitikisa finjani kuashiria imetosha, akambusu Mzee Hamoud kichwani. Alipofika kwa Loai alimpa mkono. Loai aliutazama kwanza, kisha akaupokea. Mgeni akatoka, na wenzake wa Yiti nyuma yake.

Mlango ulipofungwa tu, ulimi wa Bader ulirudi kazini.

"Katuroga! Kaja kutulainisha huyo! Sasa mabeki wetu wakimwona watamwonea huruma, atupige manne kama alivyowapiga wale wa wiki iliyopita."

"Manne kabla ya mapumziko," aliongeza mtu mmoja kutoka nyuma.

"Na sisi tumefungwa na timu ya wauza ndizi!" Bader alilalama. "Msimu ndo unafungua macho, tayari tunapewa mabingwa. Ratiba hii kaipanga nani, Iblisi?"

"Mkicheza na mabeki wanne mtachapwa, mimi nawaambia," alisema Enos.

Enos ni Mkenya, mkandaji misuli wa mazoezini kule Ruwi, na ndiye anayelikanda goti la Loai. Watu wa Shihab walimzoea hata wakasahau kwamba hajazaliwa mtaa ule. "Wekeni watano. Halafu Brayo amgande Ghanim. Akienda kushoto, Brayo. Akienda kulia, Brayo. Akifunga kamba za viatu, Brayo amshikie tochi."

Watu walicheka. Brayo alikuwa beki wao mpya, Mkenya mwenzake Enos, mgeni mmoja anayeruhusiwa kila timu. Mrefu, mabega mapana, mchana anaendesha gari la kusambaza maji.

"Amgande tu?" Bader aliuliza. "Ampige! Ampige mpaka asahau njia ya Yiti!"

"Hakuna kumpiga mtu," alisema Mzee Hamoud. "Haja imepita."

"Imepita majlisini, ammi. Uwanjani kuna refa."

Walipiga makofi kwa hilo. Hata wazee wawili watatu wenye tasbihi walitabasamu kwa siri. Walikuwa watu wazuri, wenye kuswali na kuzuru wagonjwa, lakini goti lile lilikuwa goti la mtaa mzima, na kila mmoja wao alikuwa amemvunja Ghanim kichwani mwake mara nyingi kabla ya kulala.

Tofauti ya Mahbuba na wao ni kwamba yeye hakuishia kichwani.

Aliingia jikoni na sinia yake. Enos akamfuata nyuma, akarudisha mlango.

"Mama, wacha nimpigie Brayo simu. Hii maneno imebadilika."

"Hapana kilichobadilika."

"Si umesema umesamehe? Mbele ya watu wote?"

"Nimemmiminia kahawa. Kahawa ya Kaka Hamoud. Goti ni la mwanangu."

"Lakini Mama..."

"Enos." Mahbuba alimgeukia. "Umesikia alichosema? Alilifuata. We unalikanda kila siku, unajua alichokivunja mle ndani. Leo unamwonea huruma?"

Enos alirudisha simu mfukoni. Brayo alikuwa akikaa naye chumba kimoja Ruwi, na hakuwa na siri kwake. Alimweleza yote, ila kipande kimoja tu.

Kipande hicho mimi na wewe tukipate leo, msomaji.

Brayo alipofika Muscat aliugua homa kali, hana ndugu, hana jamaa, mwajiri anamwona mvivu. Mahbuba ndiye aliyempelekea uji na supu mpaka akasimama. Tangu siku hiyo Brayo anamwita Mathe, yaani mama kwa lugha ya vijana wa kwao, na akimwita hivyo anamaanisha. Ni kijana wa neno moja. Ukimwambia gari lifike saa mbili, saa mbili kasoro yuko mlangoni anapiga honi.

Juzi alikaa kwenye jiko hili hili, mbele ya sahani ya pilau, Mahbuba akamwambia anachokitaka. Goti la Ghanim, la kushoto. Brayo alitafuna, akameza.

"Mathe, uko sure? Hiyo kitu ukishafanya hairudi."

"Nna yakini. Sasa nisikilize, maana najijua. Mimi mama. Moyo wangu mwepesi. Siku ile ikifika nitaingia khofu, nitasimama nipige kelele, nitakwambia wacha. Usinisikilize. Hata nikilia. Nikikwambia wacha, we ndo uongeze. Umenifahamu?"

"Ukiniambia wacha, naongeza."

"Niapie."

Brayo akaapa kwa jina la marehemu mama yake. Mahbuba akamwongezea nyama.

Basi ndiyo hiyo. Alijifungia mlango kwa nje, akautupa ufunguo, na siku ile alijiona mjanja kweli kweli.

Enos alipotoka, aliyeingia jikoni alikuwa Loai. Mkongojo wake uligonga vigae taratibu. Alikuwa kijana mzuri, mwembamba, na tangu goti livunjike alikuwa na tabia ya kuuliza maswali kwa sauti ya chini.

"Mama, umemsamehe kweli?"

"Si umeniona nikimmiminia?"

"Nimekuona. Mkono haukukutetemeka hata kidogo. Ndo maana nnakuuliza."

Mahbuba alijitia kupanga vikombe.

"Mimi nimempa mkono," alisema. "Nimechoka kumchukia, Mama. Kila siku naamka naye kichwani. Lakini kuna jambo linanikera. Kasema alijua ni goti lipi. Kalijuaje? Lilikuwa likiniuma kabla ya fainali, nikamficha mpaka kocha. Nilikwambia wewe peke yako."

Kikombe kilimponyoka Mahbuba, kikavunjika sakafuni.

"Hapana kitu," alisema haraka, akainama kuokota. "Nenda katie viatu, tutachelewa."

Alibaki ameinama pale pale muda mrefu kuliko vigae vilivyohitaji.

Alikuwa amekwenda Yiti. Wiki ile ya fainali, goti la Loai linavimba usiku, yeye alikwenda Yiti kutafuta mafuta ya papa. Mwenye kutaka mafuta ya papa ya kweli, yasiyochanganywa na takataka, hana pa kwenda ila kwa Bi Nawar. Alikaa kwake, akala samaki wake, na Bi Nawar alipomuuliza mgonjwa ni nani na panauma wapi, alimjibu kama mtu anavyomjibu tabibu. Mwanangu Loai. Goti la kushoto. Likiguswa kidogo tu limekwisha.

Na Bi Nawar ndiye mama yake Ghanim.

Alilijua hilo. Yiti nzima inalijua. Lakini mtu akiwa na mtoto mgonjwa anakumbuka mpira? Anakumbuka kwamba anayemchotea mafuta ana mtoto wa kiume anayevaa jezi ya timu nyingine?

Mtu mwingine angejilaumu. Mahbuba alijilaumu kwa muda wa kuokota vigae vitatu, kisha ghadhabu ikaja ikamwokoa. Kumbe Nawar! Mkono mmoja unampa mafuta, wa pili unamuuza mwanawe! Na akamfungia chupa kwa kitambaa safi, akamwombea dua mlangoni, mnafiki mkubwa yule!

Sasa Ghanim peke yake hakutosha. Alimtaka na mama yake. Alitaka Nawar aisikie sauti ile ya goti, kisha aisikie sauti ya mwanawe, alale nazo, aamke nazo. Alisimama, akajifunga buibui, akachukua bendera ya Shihab aliyoishona kwa mkono wake.

Uwanja uko nyuma ya maduka ya Hamriya, nyasi za bandia, umezungushiwa wavu. Jua lilikuwa limeshapoa. Mashabiki wa Yiti walikuja na ngoma mbili na matarumbeta, wa Hamriya wakawajibu kwa kupiga mabati. Wanawake waliwekewa viti upande wa kushoto, karibu kabisa na mstari. Loai alisimama hatua chache mbele yao, ameegemea mkongojo, pamoja na Enos na ndoo yake ya barafu.

Mpira ulianza kwa kasi. Mawj waligonga mwamba mara mbili kabla Shihab hawajashika mpira vizuri. Bader alikuwa tayari amepoteza sauti.

"Watano nyuma! Watano! We kocha huna masikio?"

Ghanim alicheza siku ile, lazima tuseme ukweli hata kama ni wa Yiti. Alichukua mpira kwa kifua, akageuka, akawaacha watu wawili wamekaa chini. Na kila alipokwenda, Brayo alikuwa nyuma yake. Hakumgusa. Alikuwa akimpima. Mara moja tu aligeuka upande wa viti vya wanawake, akamtafuta Mahbuba kwa macho, akanyanyua dole gumba.

Mahbuba akaitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo alipomwona. Mwanamke wa makamo, buibui limefifia, mkoba wa ukili begani, anapita baina ya viti akiomba radhi kila anapomkanyaga mtu. Bi Nawar, ambaye hajawahi kukanyaga uwanja wa mpira maishani mwake!

Mungu kamleta mwenyewe, aliwaza Mahbuba. Nimeomba, na kamleta mwenyewe.

"Mahbuba, shoga yangu," alisema Nawar, akihema. "Nimekuja kukaa na wewe. Utanipa nafasi?"

"Karibu." Mahbuba alimsogezea kiti kwa mikono yake miwili. "Karibu sana. Kaa hapa mbele kabisa, uone vizuri."

Nawar alikaa. Hakuutazama mpira. Alimtazama Mahbuba.

"Kahawa imenywewa?"

"Imenywewa."

"Ulimmiminia wewe?"

"Mimi mwenyewe."

Nawar alijifunika uso kwa ncha ya buibui, mabega yakamtikisika. Mahbuba alimwacha alie. Machozi ya mapema hayo, alijisemea, ya kweli yanakuja.

"Alhamdulillahi," Nawar alisema alipopata sauti. "Basi leo nitamsemesha mwanangu."

"Kumsemesha?"

"Toka fainali sijampa neno. Chakula nampikia, nguo namfulia, neno simpi. Akiniamkia nageukia ukuta." Alipangusa pua. "Kosa langu, Mahbuba. Ulipokuja kwangu, jioni yake nilimwita. Nikamwambia, mtoto wa Mahbuba ana goti bovu, la kushoto, mkikutana mchezee kwa huruma. Mama yake mtu wetu. Nilimwambia amhifadhi! Akenda akamvunja pale pale nilipomwonesha. Kwa maneno yangu mimi."

Ngoma za Yiti zilikuwa zikipigwa. Mahbuba alizisikia kwa mbali.

"Alikuja kuniomba radhi," Nawar aliendelea. "Nikamwambia, mimi sina cha kukusamehe. Nenda kwa mwenyewe, kaiweke finjani chini. Siku ikinywewa, njoo tuzungumze. Kaogopa toka siku ile. Jana usiku nikamsikia analia chumbani, mtu mzima yule, nahodha. Asubuhi kaniambia, Mama, leo nnakwenda."

Alifungua mkoba wake, akatoa chupa ndogo iliyofungwa kwa kitambaa safi.

"Hii ya wiki hii. Enos hakuja kuichukua."

"Enos?"

"Kwani hajakwambia mpaka leo? Nilimsihi asikwambie. Nilijua ungeimwaga."

Mahbuba aliichukua chupa. Hakuwa na haja ya kuifungua, harufu ile alikuwa akilala nayo mikononi. Kila usiku, tangu fainali, alimpaka Loai mafuta ambayo Enos alimwambia anayapata dukani Ruwi. Kila usiku alipaka na kumlaani Ghanim, akapaka na kumlaani. Na mafuta yametoka nyumba ile ile. Na goti limeanza kukunjika kwa mafuta hayo.

Akamtazama mwanamke aliyekaa pembeni yake, aliyemnyima mwanawe wa pekee neno kwa ajili ya mwana wa mwenzake. Muda wote huo alidhani hana mtu wa upande wake. Kumbe yuko Yiti, kageukia ukuta.

Na amemweka kiti cha mbele kabisa, aone vizuri.

"Shoga," alisema Nawar, sasa ameukunjia macho uwanja, "yule mrefu mwenye mabega, mbona anamwandama Ghanim na mpira hana?"

Mahbuba alisimama, bendera ikaanguka.

"Enos! Enos! Mwambie Brayo aache!"

Enos alimtazama mara moja tu, akafahamu, uso ukamchangamka kwa furaha. Alikimbilia mstarini, akaweka viganja mdomoni. "Brayo! Wachana na hiyo maneno! Mama amesema uwache!"

Brayo alisikia. Hakumwangalia Enos. Alimwangalia Mahbuba, kama mtu anayengoja kulisikia kwa mwenyewe.

Mahbuba alinyanyua mikono yote miwili, akapiga kelele mpaka koo likamkwaruza.

"Brayo, wacha! Nnakwambia wacha, mwanangu, wacha!"

Brayo alitabasamu. Alijigonga kifua kwa ngumi, taratibu, kama anavyofanya mtu aliyepokea salamu, akanyanyua dole gumba.

Ndipo Mahbuba alipoyakumbuka maneno yake mwenyewe, yote, mpaka ile nyama aliyomwongezea.

Alinyamaza, lakini machozi yalikuwa yakimtoka, na machozi nayo alikuwa ameshayaagiza. Hata nikilia, alimwambia. Brayo aliyaona, akaitikia kwa kichwa, akageuka kumtafuta Ghanim.

"Mahbuba, kuna nini?" Nawar alimshika mkono. "Mbona unalia? Yule kijana atafanya nini?"

Loai alikuwa amegeuka. Alimtazama mama yake, akamtazama Brayo, akaliona lile dole gumba likishuka. Mahbuba aliona uso wa mwanawe ukibadilika, na akajua kwamba swali lile la jikoni limepata jibu.

Wakati huo huo mpira mrefu ulitoka nyuma, ukapita juu ya vichwa vya viungo, ukamwangukia Ghanim upande wa kushoto, mbele kabisa ya viti vya wanawake. Aliutuliza kwa mguu wa kulia. Goti la kushoto likabaki limekaza, limebeba mwili mzima.

Brayo alianza kukimbia kutoka katikati. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Mkongojo wa Loai ulianguka kwenye nyasi. Loai alivuka mstari, akachechemea, akaruka kwa mguu mmoja, akaingia uwanjani mbele ya Ghanim na kunyoosha mikono yake. Refa alipuliza filimbi. Ngoma za Yiti ziliimeza filimbi ile. Brayo hakunyanyua kichwa, macho yake yalikuwa kwenye magoti, na magoti yaliyokuwa mbele yake sasa yalikuwa ya Loai.

Mahbuba alifunua mdomo. Kati ya maneno yote aliyopewa na Mungu, lilimtoka lile lile moja.

"Wacha!"

Na Brayo, kijana wa neno moja, akaongeza.